Rejeta ya Shibiri Tatu

Jumatatu, 1 Agosti 2005. Bungu.

Imefika! Basi la asubuhi limeshusha boksi langu kando ya barabara na nusu ya Bungu imekuja kulitazama. Boksi peke yake ni heshima. Gumu, jeupe, maandishi ya Kizungu na ya Kiarabu, na jina langu kubwa juu: Abdulswamadu. Rejeta ya kupozea injini, kutoka Dubai, imeagizwa kwa intaneti! Mtu wa kwanza Bungu nzima. Nimewaeleza watu utandawazi ni nini kwa karibu saa moja.

Saa tano nikaanza kuipachika kwenye pikapu. Haienei. Haienei hata kwa kubembelezwa. Ukiibana upande huu, upande wa pili paka anapita. Si maneno tu, paka wa jirani alipita.

Nimekaa kivulini nikatafuta kosa ni la nani. Langu halimo. Rejeta ya zamani niliipima kwa mkono, shibiri tatu kamili, kama marehemu baba alivyopima mitumbwi yote aliyochonga kule Mbuchi. Haukuzama hata mmoja, ukiacha ule wa Mzee Sufiani. Lakini kompyuta ilitaka sentimita. Basi Maryam, binti wa intaneti kule Mbagala, akaulaza mkono wake juu ya rula, akasoma, akazidisha mara tatu. Mkono wa Maryam! Ule hata embe dodo haulizunguki.

Na wiki hii ndiyo wiki yenyewe. Jumatatu ijayo Bi Mwanamize wa Mbwera anashusha kamba wake wabichi Nyamisati, na atachagua gari moja la kumpelekea Dar msimu mzima. Ni mimi au Mshamu, jirani yangu, mwenye pikapu ya pili hapa. Ya Mshamu haichemshi. Yangu inavuja. Nimeshamwagia bizari robo kilo kuziba matundu, na sasa nikipita watu wanauliza harusi ya nani. Nikiikosa kazi hii pikapu inauzwa, basi. Nimemwambia mke wangu Zaitun hivyo. Akaenda kulisha kuku wake.

Jumanne, 2 Agosti.

Mbagala. Maryam kanipokea vizuri, na Kiingereza anakisoma kama maji. Anasema kampuni inabadilisha bila maneno mengi. Ila rejeta irudi ndani ya boksi lake lilelile, na ifike kwa wakala wao mtaa wa Gerezani, Dar, kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Wakala anazo za saizi zote.

Kompyuta ikauliza sababu ya kurudisha. Nilitaka aandike kwamba imenywea njiani kwa chumvi ya bahari. Akakataa. Nikataka aandike mkono wake. Akakataa zaidi. Tumeandika haikuenea.

Nyumbani nikatoa habari njema. Zaitun akauliza kwa upole, kama rejeta zimejaa Gerezani, kwa nini sikwenda Gerezani tangu mwanzo nikanunua kwa macho yangu. Biashara za kisasa zinamchanganya.

Jumatano, 3 Agosti.

Msiba! Boksi limekaliwa.

Ni yule tetea mwekundu wa Zaitun, aliyepewa na mama yake. Jana mchana Zaitun aliliona boksi tupu uani, akadhani limemaliza kazi, akatandika mabua ya mpunga, akaweka mayai aliyokuwa akiyakusanya. Kuku aliyevikataa vikapu vyote mwaka mzima kaingia mwenyewe. Amelalia mayai kumi na moja, juu ya jina langu.

Nikasema namtoa. Zaitun akasema, Baba Salima, mguse kuku wangu, halafu ujipikie mwenyewe mpaka Ramadhani. Hakupandisha sauti hata kidogo.

Nikatumia akili. Nikamwaga mchele, punje punje, kutoka kwenye boksi mpaka nyuma ya choo. Kuku akatoka kwa madaha, akala punje zote, akarudi kabla sijanyoosha mgongo. Nilipotia mkono alinidonoa kidole, na ni kidole cha kupimia.

Alhamisi, 4 Agosti.

Mpango mpya! Kama kuku hatoki, nitengeneze boksi jingine. Nimechukua maboksi mawili ya sabuni dukani, nimeyaunga kwa gundi ya ugali, nimeyapaka chokaa. Kizungu nimenakili kwa mkaa. Kiarabu nimekiandika mwenyewe, nilisoma madrasa miaka minne. Nimetoka nje nikalitazama kwa mbali. Zuri mno!

Mshamu akapita, akauliza kama nimefungua duka la sabuni. Kisha akasema nikikwama Jumatatu atanivuta kwa kamba mpaka Nyamisati, nisione haya. Ona dharau hiyo! Anavaa hata shati lililopigwa pasi, mtu wa pikapu.

Alasiri ikanyesha mvua ya manyunyu. Chokaa ikashuka, ugali ukalainika, mbuzi akamalizia.

Ijumaa, 5 Agosti.

Baada ya sala nikarudi nyumbani nimekata tamaa. Nikakaa kizingitini nikamwambia Zaitun ukweli wote. Bila lile boksi hakuna rejeta, bila rejeta hakuna Bi Mwanamize, na pikapu nitamuuzia Mshamu. Nilikuwa karibu kulia. Nililia kidogo.

Zaitun akauliza kwa nini sikusema hivyo tangu Jumatano, badala ya kumwaga mchele wa watoto. Akachukua kikapu cha zamani, akatandika mabua yaleyale, akangoja jua lizame. Kisha akamfunika kuku kwa kanga, akatia mkono chini ya kifua chake, huku akimsemesha Kindengereko taratibu kama anayembembeleza mtoto. Akamhamisha. Akahamisha na mayai. Kuku hata hakulia kwe.

Mwanamke huyu! Nimekaa naye miaka kumi na minne na bado ananishangaza. Siku tatu nimepigana na ndege, yeye dakika mbili.

Akahesabu mayai kumi. Akanitazama. Nikaapa sikukaanga.

Jumamosi, 6 Agosti.

Alfajiri Zaitun kanipa ukili, ule utepe wa ukindu anaosukia mikeka. Umefungwa mafundo mawili. Alishaamka akapima rejeta ya zamani, kutoka ukingo mpaka ukingo. Kasema nimpe wakala vilevile, nisifungue, nisiongeze langu.

Gerezani, saa tano na nusu. Wakala, bwana mnene wa kofia ya kitambaa, akafungua boksi. Akatoa bua la mpunga. Akatoa manyoya mawili mekundu. Akatoa rejeta. Chini kabisa, kwenye kona, akatoa yai. Akaniuliza kama hili nalo linarudi Dubai. Nikasema hapana, hilo ni la mama mkwe.

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akauliza saizi. Ulimi ulikuwa tayari kusema shibiri tatu! Nikaumeza, nikatoa ukili. Akaunyoosha juu ya rejeta moja, ya pili, ya tatu. Ya tatu, fundo na ukingo, sawasawa. Akasema vipimo vya namna hii hata mafundi wakubwa hawamletei. Nikamshukuru kwa niaba yangu.

Yai limerudi ndani ya kofia yangu, salama.

Jumapili, 7 Agosti.

Nimepoteza spana. Mshamu akaja na yake bila kuitwa, akavua shati la pasi, akaingia chini ya gari. Mpaka adhuhuri rejeta imekaa kama iliyozaliwa pale. Mikono ya Mshamu ina kipaji, lazima niseme, ingawa humu tu. Hakutaka hata chai. Anataka nini mtu huyu?

Jumatatu, 8 Agosti. Nane Nane.

Nyamisati! Bi Mwanamize alishuka kwenye boti yake ya mashine, mrefu, kanga kiunoni, wanaume wote wakanyooka. Akaamuru magari yote mawili yaungurume mpaka matenga ya barafu yashuke yote. Saa nzima. Yangu haikutoa hata moshi. Halafu Mshamu, mwenyewe, kwa mdomo wake, akamwambia kwamba yangu ina rejeta mpya na yake ya siku nyingi. Nimepata kazi! Tangu jana alipokuja na spana sijalala, nafikiri njama yake ni ipi.

Bi Mwanamize akauliza nani aliipima rejeta ile. Nikasema kwetu tuna utaalamu. Akafurahi. Akasema basi nimwagizie propela ya boti kwa intaneti, ifike mwisho wa mwezi. Ikienea, msimu wote wangu. Isipoenea, wa Mshamu.

Kazi ndogo. Zaitun alinipa ukili mwingine asubuhi, eti nikipima chochote nipimie huo; nimeufungia boneti. Propela nimeipima kwa mkono wangu papo hapo: shibiri moja na vidole viwili. Nimempigia Maryam simu. Na kwa kuwa sasa naujua mkono wake, nimeongeza vidole vitatu kuufidia.

Jioni hii Zaitun kauliza boksi la propela litakuwa kubwa kiasi gani, maana kuna bata anatafuta pa kutagia. Nikamwonyesha kwa shibiri. Akautazama mkono wangu kwa muda mrefu. Nadhani anauonea fahari.