Malalamiko Kuhusu Kidaka Kisicho na Sabuni

Kwa Bwana Sadiq,
Mkubwa wa ukoo wa mke wangu,
Pate.

KUHUSU: KUTOWEKA KWA SABUNI YA MCHE NA MADHARA YALIYONIPATA

Shemeji yangu mheshimiwa,

Assalamu alaykum wa rahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti halikusumbui, na yule mjukuu wetu ananyonya vizuri. Mimi ni mzima wa mwili. Habari njema zimekwisha hapo.

Wajua kwamba mimi si mtu wa malalamiko. Tangu uniozeshe dada yako Alawiya sijakuletea shauri hata moja, hata mwaka ule alipoipaka cherehani yangu rangi ya samawati bila kuniuliza. Lakini desturi yetu ni kwamba mume akiwa na jambo na mkewe hapigi kelele barazani. Huenda kwa wakubwa wa mke, kwa adabu. Basi nimekuja kwa adabu, na adabu yangu nimeitia nambari ili wazee utakaowasomea wasipotee katikati.

Jambo lenyewe ni sabuni. Usicheke kwanza.

Alawiya alikuja huko kwenu kumlea binti yetu Huwaida alipojifungua. Hilo sina neno nalo. Mzazi ana haki ya mama yake. Arobaini ikaisha, mtoto akatolewa nje, ubani ukafukizwa, nami huku Mkomani nikatandika kitanda. Hakurudi. Nikaletewa habari kwamba amejiunga na akina mama wa huko wanaotengeneza sabuni, ana shughuli, nisubiri. Nikakumbuka kwamba kabla hajasafiri alikuwa ameshaanza kuleta nyumbani ile sabuni ya maji ya chupa, ya kijani. Hapo nikaelewa yote. Sabuni ya maji iliingia kwangu kama mgeni, na mgeni huyo ameondoka na mke wangu.

Madhara ni haya:

1. Kazi yangu imeharibika. Wewe wajua, lakini wazee waambie: fundi wa kanzu huchora kitambaa kwa kipande cha sabuni kilichokauka. Ule mche mrefu ambao mwenye duka huukata kwa uzi, ukifuliwa mpaka ukabaki mwembamba kama ukucha, Alawiya hakuutupa. Aliuweka kidakani, kile kidaka kidogo cha ukutani kilicho juu ya cherehani, ukauke. Mimi nikikaa kazini nilinyoosha mkono tu nikaukuta. Sikumwomba hata siku moja, wala hakuacha hata siku moja. Sasa kidakani pana chupa. Nimejaribu kuchora kwa chupa. Mstari wa bega la kanzu ya Bwana Mahdi, anayemwoza mwanawe mwezi ujao, ulitambaa kitambaani mpaka ukafika kwapani, nami nikaufuata kwa mkasi kwa sababu fundi hufuata mstari. Bwana Mahdi alipoivaa, mkono mmoja ulimfika vidoleni na mwingine ukaishia kwenye kiwiko. La kusikitisha zaidi ni kwamba vijana wawili wameiona wakadhani ni mtindo mpya, wakaniagiza za kwao.

Najua utasema chaki. Usiseme. Chaki ni ya walimu, inanitia chafya, na fundi akipiga chafya na mkasi mkononi pana hatari ya kidole. Nimejaribu mengine yote. Sabuni ya unga haishikiki. Ile ya kuogea ina mafuta mengi na iliacha mstari wa waridi kwenye kanzu ya Ijumaa. Nilipewa na mtu wa nyumba ya wageni kule Shela kile kisabuni cha watalii, kikavunjika kabla sijamaliza kikwapa. Nilijaribu hata mshumaa, nikapiga pasi, na sasa nina pasi inayonuka kama kumekatika umeme.

2. Ujirani umekufa. Zamani Bi Nana wa nyumba ya pili akiishiwa alikuja kuomba kipande, akakatiwa kipande, na wiki ya pili akarudisha kipande. Kila mtu alikiona kwa macho. Sasa huja na kikombe. Nikimmiminia anasema nimetia kidogo. Akirudisha, ile sabuni imetiwa maji mpaka imekuwa kama machozi. Tumefika mahali ambapo mimi na Bi Nana tunachunguliana vikombe. Na kila akija huuliza kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini: “Alawiya hayaya bado?” Nami hujibu kwamba hajaja. Kama ningekuwa na sabuni ya kukatwa ningemkatia kubwa, akae kwake mwezi mzima.

3. Usafiri umezuiliwa. Hili wewe hulijui, na nakuomba ulisikilize vizuri, kwa sababu nasikia huko nimeitwa mvivu. Nilikuja kumchukua mke wangu. Wallahi nilikuja. Nilipanda boti ya nahodha Gharib, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi (ndiyo, ile pasi), na mfuko wa halua mkononi. Kabla ya kufika mkondo wa Mkanda, tangi la mafuta likaanza kuvuja. Dawa yake kila mtu wa pwani anaijua: unachukua kipande cha sabuni ya mche, unakifinyanga, unakibandika kwenye ufa, unakwenda zako. Gharib akageuka akasema, “Nani ana sabuni?” Wanawake wote wakafungua mikoba. Zikatoka chupa. Ya kijani, ya waridi, ya manjano, ya samawati, boti nzima iking'aa rangi kama imepambwa kwa harusi, na hamna hata moja inayoziba tundu la sindano. Tukarudi Lamu polepole, na halua ikaliwa njiani na abiria waliosema imeyeyuka. Kwa hiyo watakapouliza kwa nini Jamaludin hakuja, jibu ni sabuni ya maji.

4. Heshima yangu imeteleza. Alawiya aliponiachia ile chupa hakunifundisha kipimo. Mche una kipimo chake: unasugua, povu linatoka, unaacha. Chupa haisemi basi. Nilimimina nilivyoona inafaa kwa kanzu za wiki, nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi povu lilikuwa limejaa kiwanda cha ndani, yaani ua, limepita mlangoni bila ruhusa, limeteremka na mtaro wa kichochoro mpaka kwa Bi Nana. Punda waliobeba mchanga walisimama wakakataa kulikanyaga, na nyuma yao wakasimama punda wa mawe, na nyuma yao watalii wakipiga picha. Mwenye punda mmoja aliniuliza kama nimefungua kiwanda. Kisha kanzu zikakauka zinanukia embe. Nilipokwenda msikitini nyuki wakanifuata mpaka kwenye viatu. Mimi ni mtu mzima, shemeji. Sipaswi kunukia kama tunda.

Nilikwenda kwa Kamau mwenye duka kule sokoni kumwomba anirudishie mche mmoja tu. Akaniambia, “Mzee, hizo nilikuwa nazileta, zinakaa mpaka zinapasuka. Watu wanataka ya chupa.” Nikamwuliza watu gani. Akanionyesha, na wa kwanza alikuwa Bi Nana.

5. Akhera yangu iko mashakani. Sina haraka ya kufa, lakini fundi hupima kabla ya kukata. Siku ile ikifika, wataniosha kwa nini? Nimeona kwa macho yangu katika msiba mmoja hapa mtaani chupa ya waridi imewekwa karibu na kafuri. Sitaki kulazwa mwanandani mwa kaburi ninanukia embe, halafu wale wanaokuja kuuliza maswali waanze na swali ambalo sikufundishwa chuo cha Kurani.

6. Hili la mwisho nimeliandika, nikalifuta, na sasa naliandika tena. Nyumba haina sauti. Sabuni ya mche ina sauti yake ikipita juu ya nguo iliyolowa. Mimi nikiwa chini kwenye cherehani niliisikia kutoka juu, nikajua yuko, nikaendelea kushona. Sasa nashona, nasimama, nasikiliza, nashona. Nimechoka kula mkate wa mofa wa kununua na kuzungumza na vitambaa. Nina upweke, shemeji. Namtaka mke wangu.

Waambie wazee hiyo nambari ya sita ni ya sabuni kama nyingine zote.

Kwa hayo basi naomba yafuatayo, na siombi makubwa. Wazee wa ukoo wenu waketi, wale chakula, kisha wawaagize akina mama wa kikundi waache maji wageukie nazi. Minazi ipo, mafuta yapo, na bibi zetu walijua kuyapika yakaganda. Mche wa kwanza uletwe kwangu na Alawiya mwenyewe, asindikizwe mpaka Mtangawanda, bandarini kwenu, kama biharusi anayesafiri, avukishwe kwa boti yenye tangi zima. Likishindikana hilo, nitahamia Kiunga kwa boti, ambako naambiwa kuna duka lingali na miche miwili mitatu, nami nitaishi kando yake na cherehani yangu, ingawa wajua bahari inanitapisha hata nikiwa nimesimama kwenye gati. Na likishindikana hata hilo, nasikitika kukujulisha kwamba kanzu yako ya Idi ninayo mimi. Nimeikata mkono mmoja. Wa pili unangoja mwenendo wako.

Usiuone huu kuwa ni vitisho. Ni malalamiko tu yaliyokaa vibaya.

Nisalimie mkeo, nisalimie Huwaida na mumewe, na mjukuu wetu mbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu, maana mikono yangu inanukia. Nisalimie wazee wote watakaoketi, na wale watakaokataa kuketi pia. Alawiya usimsalimie. Au msalimie kidogo. Mwambie kidaka kinamsalimu.

Nakuombea afya na maamuzi ya haraka.

Wako shemeji aliyedhulumiwa,
Jamaludin, fundi kanzu,
Mkomani, Lamu.

Tanbihi: Shemeji, kama hujawasomea wazee, tafadhali usiwasomee. Kama wameshaketi, wape kahawa waende zao.

Nilikuwa nimeshaibandika bahasha hii kwa gundi ya karatasi za ruwaza niliposikia hodi. Alikuwa Gharib, ametoka Mtangawanda na kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha leso ya Alawiya. Fundo lake nalijua. Ndani mna vipande vya sabuni, vyembamba, vimekauka vizuri, vya rangi ya maziwa, vinanukia nazi na havinukii kitu kingine. Gharib anasema ni mabaki ya mche wa kwanza wa akina mama, waliokuwa wakihangaika nao muda wote huu, unaganda unayeyuka, unaganda unayeyuka, na kwamba aliyewashikilia waugandishe ni dada yako, kwa kuwa Kamau alimwambia mapema kuliko alivyoniambia mimi kwamba ya mche haji nayo tena. Zile chupa ndizo wanazouza wapate mafuta ya nazi. Mche wenyewe umekatwa pembeni kwa uzi, na hizo pembe ndizo nilizoletewa. Basi nambari ya kwanza hadi ya tano zifute. Ya sita acha.

Nimevipanga kidakani. Kisha Gharib, akiwa ameshafika mlangoni, akakumbuka kwamba alitumwa pia maneno ya mdomo, na akayasema kama alivyoyasema Alawiya mwenyewe: “Mwambie takuya Ijumaa. Na lile boksi la chaki alilolificha nyuma ya mtoto wa meza, ile droo ya cherehani, tangu tuoane, asilitupe. Nami hulifuta vumbi.”

Kanzu yako nimeichora mkono wa pili kwa sabuni yake. Itakuwa tayari kabla ya Idi.