Kitasa cha Vasemaca

Alhamisi, 6 Machi

Redio imesema wanunuzi wa yaqona, mizizi yetu hii ya kusaga na kunywa, huko ng'ambo wanasitasita. Neno lenyewe ndilo hilo: wanasitasita. Limeniharibia chai. Mtu anayesitasita leo, kesho atafanya nini?

Mizizi yetu ina miaka mitatu ardhini. Mimi na mke wangu Vasemaca tulikubaliana: hakuna kugusa hata shina moja mpaka Krismasi ya tano, kisha tunauza yote kwa mpigo, tunajenga nyumba. Kwa sasa tunalala kwa kaka yangu, nyuma ya pazia la maua. Vasemaca anataka mlango. Kitasa ameshakinunua. Kimo ndani ya kopo la biskuti, na kila mwezi anakipaka mafuta kisishike kutu.

Nimemuuliza Isoa, kaka yake Vasemaca, kama amesikia redio. Shamba lake limepakana na letu na tulipanda siku moja. Akasema betri zilikwisha Desemba. Nikamuuliza, huna wasiwasi? Akasema yaqona haisikilizi redio, na inakua vizuri kuliko mimi. Kwa mila yetu shemeji ni mtani. Anakusema mbele za watu, nawe ukinuna unaonekana huna adabu. Lakini natamani sana kujua mtu wa namna hii hulalaje.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefukua kidogo pembeni mwa shina moja nione mizizi imefikia wapi. Mara ya nne mwezi huu, na mwezi ndio kwanza unaanza. Si woga. Ni udadisi. Imefikia palepale ilipokuwa juzi.

Halafu mpango ukanijia. Mzuri mno! Nang'oa safu za juu, nauza kabla bei haijaanguka. Ikianguka, Isoa atalia, nami nitainunua mizizi yake kwa huruma. Ikipanda tena, nauza. Mlango wa Vasemaca utakuwa na kengele.

Tatizo moja: safu za juu zinaonekana kutoka kijijini. Kwa mbali, lakini zinaonekana. Dawa yake: nakata mzizi, shina nalichomeka tena pale pale. Kutoka chini, kijani ni kijani.

Jumapili, 9 Machi

Nina kikohozi tangu jana mchana. Kikohozi cha maana. Wote wakaenda kanisani wakaniacha na chai ya majani ya mlimao.

Jumapili hapa hakuna anayegusa hata panga, kwa hiyo hakuna anayetazama mashamba. Nimeng'oa safu tano kwa mtaimbo. Mashina nimeyachomeka upya, moja moja, kwa upendo. Kwaya niliisikia mpaka kule juu, nikaitikia beti mbili.

Vasemaca aliporudi akanishika paji la uso. Akasema ugonjwa huu ni wa ajabu, unaleta matope katikati ya vidole vya miguu. Nikasema nilikwenda chooni. Akakunja nguo yake ya kanisani polepole sana.

Jumatatu, 10 Machi

Boti imekuja na Bwana Hirdesh, mnunuzi. Aliuinua mzizi wangu akaukunja kama kamba. Akasema hii si mizizi, hivi ni vidole vya mtoto. Kisha akasema bei imeshuka tangu asubuhi, kwa sababu kila mwenye redio kisiwani amemletea mzigo. Sikuwa nimefikiria kwamba wengine nao wana redio.

Nimepokea alichotoa. Nikajiliwaza kwamba ikiwa imeanza kushuka, itashuka zaidi, na hapo Isoa nitamweza.

Nilipofika nyumbani, baba mkubwa Jope alikuwa ameshaketi mkekani. Kerekere, akasema, kwa upole: injini ya mashua yake inataka kifaa. Ndugu akisema kerekere, unatoa. Ukikataa, wajukuu wako watasimuliwa. Shangazi akafuata, kwa ajili ya msiba wa upande wa pili. Kisha kaka yangu. Huyo sikumngoja hata amalize, nikikumbuka pazia ni la nani. Kufikia chai ya jioni nimebaki na kopo moja la nyama. Isoa akapita akasema kerekere, tukalila pamoja. Yeye alikula zaidi.

Lakini hili linanishangaza. Miaka mitatu mali ilikuwa ardhini, na hakuna ndugu aliyeiomba. Imekaa mfukoni nusu siku, wamefika wote. Nimelifikiria sana. Lazima lina maana fulani. Nikiwa natafuta maana yake nikapitiwa na usingizi.

Jumatano, 26 Machi

Bei imerudi. Imerudi na kupita pale ilipokuwa! Redio inasema wanunuzi hawasitasiti tena. Sasa ndipo wanaposema. Sikula chakula cha mchana.

Majani ya mashina yangu yamepukutika. Vasemaca ameuliza safu za juu zina nini. Nikasema upepo. Nina hofu, na kusema kweli nina aibu pia, maana jana nimemwona akikipaka mafuta kile kitasa.

Nilimfuata Isoa, nikamuuliza alijuaje kwamba bei itarudi. Nilimbana.

"Shemeji, sikujua kitu," akasema. "Nilikuwa mvivu wa kuchimba, basi."

Siamini. Nimechungulia dirishani kwake kuona kama ana redio nyingine. Hana.

Jumamosi, 12 Aprili

Mambo yameharibika. Vasemaca amepanda shambani kupalilia, kabla sijapata wazo la kumzuia. Nikamkimbilia. Nikamkuta amesimama katikati ya safu za juu.

Mashina yamechipua. Yote! Kila nilipochomeka kijiti cha kumdanganya mke wangu pana majani mawili mapya, mororo. Mvua yote ile, na mimi sikupata hata wazo kwamba hivi ndivyo yaqona inavyopandwa. Nimeipanda tangu nikiwa na miaka saba.

Nikaanza kusema kwamba ndiyo, nilipanda upya, ni mbinu mpya ya kilimo. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nilijua tangu yale matope, Apenisa. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Akainama, akagusa jani. "Hivi vijiti umevichomeka kwa uongo, na bado vina akili kukushinda. Vimekaa palepale."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Safu hizi tano zimeanza upya, kwa hiyo nyumba sasa ni ya Krismasi ya nane, na akalisema hilo huku akiangalia kijiji, si mimi. Nikamwambia nisamehe. Akasema atafikiria.

Jioni amefungua kopo la biskuti, akatoa kitasa. Nikadhani anakitupa. Kumbe amekifunga kwenye sanduku la kaka yangu. Ndani ya sanduku kuna mtaimbo wangu, jembe langu na redio. Ufunguo uko shingoni mwake. Kitasa kinafunga vizuri sana. Mafuta yale yote.

Jumamosi, 26 Aprili

Wiki mbili za amani. Sifukui, sisikilizi. Vasemaca ameanza kunichekea tena, na jana alinipimia kwa hatua mahali mlango utakapokuwa. Nimemwahidi kwa roho yangu yote. Nimebadilika.

Ila asubuhi nilipita kwa baba mkubwa Jope, na redio yake ilikuwa imewashwa. Mtu hawezi kuziba masikio nyumbani kwa mkubwa wake. Wamesema kimbunga kinaweza kugeukia upande wetu, au kisigeuke. Na bei inaweza kushuka, au isishuke. Nimehesabu: hizo ni habari nne, na mbili kati yake ni mbaya.

Sitauza. Nataka tu kuona safu za chini zimefikia wapi. Kuona si kuuza.

Nimemwendea Isoa, nikasema kerekere, nataka mtaimbo wako. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akautoa, maana hawezi kuninyima.

Nimeuficha kwenye nyasi karibu na kijito. Kesho wote watakuwa kanisani. Vasemaca ameniuliza kwa nini sijamaliza muhogo wangu. Nikamwambia sijui, koo linawasha tangu mchana, na nikakohoa kidogo.