Ukoka wa Kumpokea Shangazi Penina

Jumatatu, 24 Juni 1968

Barua imefika. Shangazi Penina anakuja kutoka Muleba tarehe 14 Julai kukagua nyumba yangu. Akiridhika, nitamwoa Anatolia. Asiporidhika, baba yake Anatolia, ambaye humsikiliza dada yake kuliko mchungaji, hatanifungulia hata mlango. Nampenda Anatolia hadi usingizi unanikimbia.

Anatolia ameniagiza nitie samadi migomba na kuitandazia nyasi. Anasema shangazi yake humpima mwanamume kwa kibanja chake. Mambo ya zamani! Tuna Uhuru, tuna Azimio la Arusha, halafu tupimane kwa migomba? Mimi nina ukoka mbele ya nyumba. Hakuna mwingine hapa Kahororo, ukiacha wa jirani yangu Yoeli, ambao siuhesabu.

Jumatano, 26 Juni

Ukoka una hali mbaya. Kiangazi kimeubabua. Mbolea ya dukani siitaki, inachoma udongo. Nataka ya asili. Ng'ombe sina, Yoeli anaye.

Nikaenda kwake na uso wa msiba, nikamweleza kwamba migomba yangu inateseka. Alifurahi mno! Akasema hatimaye nimepata akili, akanijazia vikapu vya samadi, akataka kuja kuimwaga mwenyewe. Nikamwambia kwamba yeye ni mjumbe wa nyumba kumi, asijichoshe kwa mambo madogo.

Nimeimwaga yote kwenye ukoka. Mbichi. Nzi wote wa Bukoba wamehamia kwangu. Nimekula chakula cha jioni nimejifunika shuka.

Jumamosi, 6 Julai

Ushindi! Samadi na maji ya kuogea vimefanya kazi. Nyika yote imekauka, ila kwangu ni kijani kibichi na nyasi zimefika juu ya kifundo cha mguu. Migomba nyuma ya nyumba imenyong'onyea kidogo. Haionekani ukisimama barabarani.

Tatizo ni kukata. Yoeli ana fyekeo, na amejitolea kuniazima mara mbili. Siwezi kumpa raha hiyo. Nimemwomba Shaban, fundi cherehani, mkasi wake. Akauliza ni wa kitambaa gani. Nikamweleza. Amenitoa dukani.

Alhamisi, 11 Julai

Leo kingo. Ukoka bila kingo ni kichwa bila kunyoa. Yoeli amepanga mawe akayapaka chokaa, na kila mpita njia anayasifia. Mawe! Mimi nimetumia chupa za bia. Hamidi, mpishi wa hoteli mjini, amenipa zile zilizopasuka midomo, ambazo hazirudishwi kiwandani. Nimefunga kamba, nimechimba mtaro, nimezizika midomo chini, matako juu, pande zote nne. Jua likipiga zinawaka.

Yoeli alikuja ukingoni, akatazama sana. Akauliza kama nina hakika. Wivu huo.

Jumamosi, 13 Julai

Anatolia amekuja. Ameziona chupa. Kisha akauliza taratibu kama nakumbuka kwamba shangazi yake ameokoka, na kwamba huzunguka Muleba yote hadi Kemondo akihubiri dhidi ya pombe.

Mama yangu! Nilikuwa nimesahau kabisa.

Nimejaribu kuzing'oa. Udongo umekauka kama tofali, shingo zinavunjikia ndani, na nimejikata kidole. Anatolia alilia. Si kwa ajili ya kidole. Nilitamani ardhi inimeze. Tumezifunika kwa majani makavu ya migomba, akaenda zake bila kuaga.

Jumapili, 14 Julai

Nilimpokea Shangazi Penina kanisani, nikamleta nyumbani kwa miguu pamoja na Anatolia. Tunafika, ukoka hakuna! Umenyolewa hadi kwenye ngozi. Yoeli amesimama mlangoni na fyekeo, jasho linamtiririka. Ndani, sakafu yote imetandazwa nyasi mbichi, laini, kama wazee wetu walivyompokea mgeni wa heshima.

Nilitaka kumshika koo. Lakini Shangazi alivua viatu, akaingia, akaketi chini. Akasema tangu kiangazi kianze hajakanyaga nyasi mbichi nyumbani kwa mtu. Akanishukuru kwa Kihaya, kasinge waitu. Anatolia akanitazama, moyo wangu ukarudi mahali pake.

Kisha upepo ukapeperusha majani ya migomba. Chupa zikang'aa zote kwa pamoja.

Shangazi akatoka akazikagua upande mmoja, wa pili, wa tatu. Akauliza nimezinywa kwa muda gani. Nikaanza kumweleza umuhimu wa kingo. Akaniamuru nimpumulie usoni. Nikampumulia. Yoeli ndipo akaingilia. Akamwambia kwamba zimetoka hotelini zikiwa tupu, kwamba pombe siinywi, na kwamba hivi ndivyo nilivyo nikiwa sijalewa. Akaongeza kwamba samadi yake nayo anajua ilikokwenda.

Shangazi akacheka hadi akashika ukuta. Akasema mlevi hawezi kumpa mtoto wao, ila mjinga mwenye jirani mwema atafaa. Harusi ni Desemba! Anatolia alicheka huku akilia. Yoeli naye alikuwa akipangusa macho.

Jumatatu, 15 Julai

Nimetafakari sana. Ni dhahiri ukoka wangu ndio ulioshinda. Shangazi aliusifia mwenyewe, hayo mengine sikuyasikia vizuri. Kama ukoka wa mbele tu umenipatia mke, je, nikiupanda kuizunguka nyumba nzima?

Anatolia anakuja Jumamosi kupalilia migomba. Atakuta mshangao. Nimeshapima kwa kamba huko nyuma, kesho naanza kung'oa. Nitaanza na ule mgomba mkubwa ambao Shangazi ameagiza usiguswe, kwa kuwa mkungu wake ni wa harusi. Unaharibu mstari.