Msiba wa Jenerali wa Angani

Novatus aliingia katika duka la Shaaban, fundi simu wa Kayanga, akitafuta chaja. Alitoka na jeshi zima.

Jeshi lenyewe liliishi ndani ya gemu la mkononi, kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, ambacho mteja mmoja alikileta kutengenezwa kisha akahamia Mwanza bila kuaga. Humo ndani askari walishuka kwenye sayari nyekundu na kupigana na wadudu wakubwa kuliko trekta. Lakini kilichomsahaulisha Novatus chaja hakikuwa vita. Kilikuwa kitufe kimoja cha pembeni. Ukikibonyeza unachagua askari wako, unampa kofia ya chuma ya rangi uipendayo, unampachika masharubu, unamtwika mzinga begani, na mwisho unamwandikia jina.

"Yaani naweza kumpa jina la mtu yeyote?"

"Hata la baba mkwe wako," alijibu Shaaban, macho yakiwa kwenye simu aliyoipasua tumbo.

Kichwa cha Novatus kikaanza kuchemka. Alikuwa mzaliwa wa Nyakatuntu, upande wa Kyerwa, ambako alikuwa hapiti tena mchana kwa sababu ya miche fulani ya parachichi aliyowauzia watu, na ambayo baada ya kutunzwa kwa upendo mwingi ilikuja kuwa mipera. Mtu wa kipaji chake hakustahili kuishi kwa kujificha. Alihitaji kata mpya na bidhaa isiyoota.

"Niazime wiki mbili, kaka yangu."

"Acha pikipiki."

"Pikipiki nzima kwa kitu cha kuchezea?"

"Nova, mimi nakufahamu. Acha pikipiki. Ukirudisha gemu, unachukua pikipiki."

Pikipiki ile ndiyo mali pekee aliyowahi kuipata kwa jasho, na labda ndiyo sababu aliipenda kama mtoto wa kwanza. Aliipapasa tangi, akamkabidhi Shaaban ufunguo, akapanda bodaboda ya mtu mwingine kwenda Ihanda.

Huko alipanga nyumba yenye uzio, akaweka sola juu ya bati, akavaa miwani myeusi, akajitangaza kuwa Kamanda Nova wa Kampuni ya Ulinzi wa Anga. Maelezo yake yalikuwa matamu na mafupi. Wazungu wanagombania sayari na wadudu. Wamechoka, wanataka askari. Wewe huendi popote, unasajili askari wako hapa, unamvalisha upendavyo, anapigana kwa niaba yako, na kila mdudu anayeanguka ana malipo. Mwisho wa mwezi kampuni inatuma mshahara.

"Na kusajili ni kiasi gani?"

"Hatupokei fedha," alisema Kamanda kwa uchungu wa mtu aliyetukanwa. "Fedha inaleta tamaa. Askari wa kawaida ni mbuzi mmoja tu."

Watu wa Ihanda si wajinga. Walicheka, wakaondoka. Lakini kila mtu alijiuliza njiani: je, kama ni kweli, halafu jirani yangu akatajirika peke yake? Wazo hilo halimwachi mtu alale. Kufikia Jumapili uzio wa Kamanda ulikuwa unalia mee kila kona, na wanaume wazima walikuwa wakibishana kama kofia ya bluu inaendana na mabuti ya njano.

Mzee Rwegoshora alifika akiwa amevaa koti la harusi. Alikuwa na kahawa nyingi, migomba mingi, na kiu ya kuheshimiwa isiyokatwa na vyote hivyo. Akaitazama skrini kwa muda mrefu.

"Kamanda, hao si senene?"

"Ni wadudu wa sayari ya mbali, mzee wangu."

"Nimekula senene tangu sijaota meno. Hao ni senene. Na nyinyi mnawapiga mizinga badala ya kuwakaanga!"

"Ndiyo maana tunahitaji jenerali anayewafahamu," alisema Novatus, ambaye hakuwahi kuacha mlango wazi bila kuingia. "Wazungu hawawezi. Ila cheo cha jenerali kina gharama yake, waitu, mzee wangu. Ni mtamba."

Rwegoshora alimeza mate. Jenerali! Akaanza kumtengeneza palepale: vazi la dhahabu, kofia ya dhahabu, masharubu mapana kuliko yake mwenyewe, kifua ambacho hakuwahi kuwa nacho hata ujanani. Juu ya kichwa cha askari yakaandikwa maneno JENERALI RWEGOSHORA. Mzee akafuta jicho. Jioni hiyo hiyo alimleta Bihogo, mtamba mwekundu mwenye mimba ya kwanza, akamfunga kwenye nguzo ya Kamanda.

Kulikuwa na jambo dogo. Bihogo hakuwa wake. Alikuwa wa mkewe, Kokwijuka, aliyemnunua kwa maharage ya misimu mitatu, akampa jina, na akawa anamwambia siri zake wakati wa kumkatia majani. Kokwijuka pia alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Aliporudi na kukuta kamba tupu, alimsikiliza mumewe akieleza habari za sayari nyekundu mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hongera, Jenerali," akaingia jikoni. Mwanaume mwenye akili angeogopa. Rwegoshora alifurahi.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Novatus alipiga simu kwa mfanyabiashara wa mnadani aje na lori kesho yake. Kisha alikaa kivulini, akawasha gemu, akaingiza kikosi chote vitani, akaliweka gemu gotini na kuanza kumenya chungwa. Wadudu walifanya kazi yao. Chungwa lilipoisha, jeshi la Ihanda lilikuwa limeisha pia.

Akawaita watu, akavua miwani.

"Ndugu zangu, nina habari nzito. Vijana wetu wamevamiwa. Wamekufa wote. Jenerali alianguka wa mwisho, mkono ukiwa bado kwenye mzinga." Akapumua kwa huzuni. "Na kwa masikitiko, kampuni hailipi mshahara wa marehemu."

Ulikuwa mpango safi sana, ule. Hata shetani angeomba nakala. Ndipo mwanamke mmoja akaweka mikono kichwani na kupiga yowe lililosikika mpaka barabarani.

"Mume wangu, jamani! Rwegoshora wangu!"

Alikuwa Kokwijuka. Nyuma yake chama kizima cha kuzikana kilikuwa tayari na vitenge viunoni, masufuria kichwani.

"Mke wangu," alisema Rwegoshora akiona aibu, "mimi niko hapa."

"Wewe ni nani? Rwegoshora wangu alikuwa na akili. Asingetoa ng'ombe wa mtu bila kuuliza." Akawageukia wenzake. "Kamanda mwenyewe ametamka kwamba amekufa. Au nimesikia vibaya, Kamanda?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Kama yu hai, lete mshahara wake. Kama amekufa, amefia mikononi mwako, kwa hiyo msiba uko hapa kwako. Chagua."

Novatus alifungua mdomo. Angeweza kusema kwamba lile ni gemu tu, kwamba hakuna aliyekufa kwa sababu hakuna aliyekuwepo. Aliwatazama wanaume waliotoa mbuzi, akaona mikono yao, akaona na majembe. Akafunga mdomo.

"Wamekufa," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi washeni moto."

Nyasi zilitandazwa sebuleni, wanawake wakaketi. Wanaume wakakoka moto uani. Kitanda cha Kamanda kilitolewa nje kupisha waombolezaji. Na kwa kuwa waombolezaji hula, na mwenye msiba ndiye hulisha, mbuzi wa kwanza alichinjwa kabla jua halijazama. Kila mtu, kwa heshima, alikula wa jirani yake. Rubisi, pombe ya ndizi, ikaja kwa madumu. Edith, kiongozi wa kwaya, akasimama na wimbo alioutunga palepale:

*Jenerali wa angani, leo umetuponyoka,*
*Kofia yako kichwani, jana ilimeremeka,*
*Sisi huku kibanjani, machozi yanatutoka,*
*Mbuzi naye yu jikoni, punde atapakulika.*

Lori la mnadani lilifika asubuhi. Dereva aliona moto, umati na nyuso za majonzi, akavua kofia, akatoa rambirambi, akala sahani mbili, akageuza gari tupu. Hata Shaaban alikuja kutoa pole. Alikuja na pikipiki ya Novatus, akiwa amempakia shemeji yake.

"Pole sana, Nova. Inakwenda vizuri, mafuta haili kabisa."

Rwegoshora ndiye aliyeteseka kuliko wote. Kila aliponyoosha mkono kwenye sinia, mtu alimwambia kwa upole kwamba marehemu hali.

"Jamani, mimi ni mzima!"

"Marehemu anapenda kusema," alinong'ona Edith. "Alikuwa hivyo hivyo enzi za uhai wake."

Mbuzi walipokwisha, ukaja wakati wa mirathi. Kokwijuka alisimama na kuuliza marehemu ameacha nini. Watu wakamtazama Bihogo, aliyekuwa akitafuna majani kwenye nguzo.

"Huyo ni wa kampuni," alisema Novatus.

"Kampuni imemtuma nani msibani? Hata kadi ya pole haijaleta. Mali ya mume ni ya mjane." Akafungua kamba mwenyewe. "Na mwili uko wapi?"

"Mwili?"

"Tunazika nini, Kamanda?"

Novatus alielewa. Alikumbatia gemu kifuani. "Hili haliwezekani, mama. Pikipiki yangu..."

"Anasema wamo humo," Kokwijuka aliwaambia watu. Akalitoa mikononi mwake taratibu, kama anavyopokewa mtoto mchanga, akaenda nalo ndani kulivisha sanda. Alitoka na boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba za mgomba. Lilizikwa kibanjani kwa Kokwijuka, shambani kati ya migomba, na msalaba wa mti. Rwegoshora alilia kweli. Ni watu wachache wanaopata kuona kaburi lao likifukiwa na majirani walioshiba.

Novatus alivumilia hadi Jumapili. Kengele ilipolia na njia ya kanisani kujaa watu, aliingia kibanjani akiwa amebeba jembe, akang'oa msalaba, akachimba. Boksi lilikuwa limelowa kidogo tu. Alikata kamba kwa meno, akafunua.

Ndani kulikuwa na kiazi kitamu. Kilikuwa kimevishwa kitambaa cheupe, kimechorwa masharubu kwa mkaa.

Alikuwa bado amepiga magoti, kiazi mkononi, aliposikia sauti anayoifahamu kutoka barazani: piu! piu! piu!

Kokwijuka alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, waya wa sola ukining'inia begani. Vidole gumba vyake vilikimbia juu ya vitufe kama vinachambua mchele. Kwenye skrini askari mwenye kofia ya kijani alikuwa akiwafagia wadudu, na juu yake pameandikwa MA KOKWIJUKA. Pembeni, Bihogo alikuwa akicheua.

"Shikamoo, mama," alisema Novatus.

"Marahaba. Unafukua makaburi siku hizi? Nipige yowe waje wakuone?"

"Hapana, mama! Naomba tu gemu langu. Bila hilo sipati pikipiki."

"Nitakupa, mwanangu. Mimi si mwizi. Subiri nimalize vita." Akamwangusha mdudu mmoja bila kupepesa. "Zimebaki sayari ngapi?"

Novatus alihesabu moyoni, akaona giza. "Tisa."

"Na kila moja ni ngumu kuliko iliyopita, sivyo? Basi jembe unalo tayari. Anzia palipo na kaburi, palilia hadi kule kwenye mto. Ukifika mtoni kahawa itakuwa imeiva, uichume." Akainua sauti kuelekea ndani. "Marehemu! Mpe Kamanda maji ya kunywa!"

Rwegoshora alitoka na kata ya maji, akaketi karibu na mkewe, akachungulia skrini kwa matamanio.

"Mke wangu, huko jeshini hakuna hata nafasi ya koplo?"

"Ipo," alisema Kokwijuka. "Ni mbuzi mmoja tu."