Mheshimiwa Ockenden Hana Umuhimu Wowote

Serikali inapenda kuwajulisha wananchi wote kwamba Mheshimiwa Lambert Ockenden hana umuhimu wowote.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Cuthbert Frimley, Katibu Mwandamizi wa Idara ya Ufafanuzi hapa London. Nililitoa mara kumi na saba ndani ya miaka mitano. Watu ni wasahaulifu. Usipowakumbusha kwamba fulani hana maana, wataanza kumsikiliza.

Ockenden alipata kuwa waziri mara mbili, akagombana na wakubwa wa chama, akatupwa kwenye viti vya nyuma bungeni. Kila akisimama kusema, wenzake wote walishikwa na njaa kwa pamoja, wakatoka. Kosa lake lilikuwa moja: hakuacha kuuliza Wajerumani wameshatengeneza ndege ngapi za vita. Yeye alisema elfu moja. Mkuu wangu, Waziri Strake, akaniagiza nichunguze. Nikachunguza. Zilikuwa elfu moja na mia nne.

"Kwa hiyo kakosea?" akaniuliza.

"Kakosea, Bwana Mkubwa. Kwa mia nne."

"Basi andika: takwimu zake si sahihi."

Nikaandika. Kazini sijawahi kusema uongo.

Mwaka 1938 nilitumwa nyumbani kwake Kent nikampe cheo cha kumfunga mdomo: Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Mabenchi ya Bustani. Nilimkuta kwenye matope, kavaa koti lililochanika kwapani, anawatupia mahindi bata bukini.

"Enhe, Frimley. Leo wamenitumia nini?"

"Heshima, Mheshimiwa. Mabenchi."

"Mabenchi?"

"Ya bustani. Nchi nzima! Ukubali tu, halafu hizi habari za ndege tuziache."

Nilitegemea angenitukana. Akaketi kwenye ngazi ya mlango, mzee mzima, akayatazama matope kwenye viatu vyake.

"Miaka mitano nasema peke yangu," alisema. "Mke wangu ananiambia nimekuwa kama mtu anayeombea wenzake msiba. Mimi! Kila asubuhi naomba niwe nimekosea. Nikikosea nitaitwa mzee mpumbavu, basi, yamekwisha. Je, ninyi mkikosea?"

Swali hilo nililiandika kwenye daftari, chini ya "Mengineyo". Bi Tibbet, mpishi wake, alinisukumia kikombe bila kunikaribisha kiti.

"Wee baba, kamwambie huyo bosi wako: marehemu mume wangu alitoka vita ile ya mwaka kumi na nne anakohoa damu miaka sita. Naye aliambiwa vita haiji. Haya, kunywa chai uondoke."

Ripoti yangu ilikuwa fupi: "Mhusika anaendelea na mabata. Mtumishi wake hana adabu."

Vita ikaja. Kufikia Mei ya mwaka 1940 jeshi letu huko Ufaransa lilikuwa linasukumwa kuelekea baharini, na Waziri Mkuu akajiuzulu kwa sababu za kiafya, yaani afya ya nchi. Vigogo wakakutana ofisini kwa Strake kumtafuta mrithi. Ajabu ni kwamba watu waliokitamani kile kiti miaka yote, siku hiyo kila mmoja alikuwa na udhuru. Mmoja mgongo ulimuuma. Mwingine mke wake hapendi ngazi za nyumba ya Waziri Mkuu.

"Nchi inazama," alisema Strake. "Anatakiwa mtu wa kuzama nayo."

Yule wa mgongo akainua kichwa.

"Si yupo yule wa mabata?"

"Ee!" akadakia yule wa ngazi. "Mpeni huyo huyo! Miezi mitatu tu atakuwa ameshaharibu kila kitu. Lawama zake, nchi yetu."

Nikaandika: imepitishwa kwa kauli moja, kwa maslahi ya taifa. Kisha wote wakaenda kufunga masanduku. Strake alikuwa ameshapata nafasi kwenye meli ya Kanada, akayasimamie maslahi hayo kwa mbali.

Ockenden alipoingia ofisini hakulipiza kisasi. Aliwabakiza wote kwenye baraza.

"Si nilikwambia?" Strake alininong'oneza. "Mzee laini."

"Jambo moja tu," alisema Ockenden. "Mawaziri wote mtaishi London. Hakuna wa kuvuka bahari."

"Lakini Mheshimiwa, ndege zao zikija?"

"Zitakuja. Ndiyo maana wananchi wanapeana zamu kulinda mapaa yao, wazime mabomu ya moto kwa mchanga. Paa la wizara yako litalindwa na wewe. Mchukue na Frimley."

Ndege zilikuja Septemba, Jumamosi, jua likiwa bado linawaka. Msimamizi wa zamu yetu alikuwa Bi Dockerty, mkaanga samaki, mwanamke wa sauti.

"Wee mzee! Toka nyuma ya hilo bomba la moshi! Mwaga mchanga hapo panapowaka!"

Strake alijiweka sawa kofia yake ya chuma. "Bibi, unajua unazungumza na nani?"

"Nazungumza na ndoo namba nne. Mwaga!"

Bwana Mkubwa akanigeukia mimi, ndoo namba tano, nimtetee. Mikono yangu ilikuwa imejaa.

Akamwaga.