Daftari Ndani ya Koti

Jumatatu, 3 Machi
Barua imefika. Nimekubaliwa kwenda kuishi na binti yangu ng'ambo. Miaka kumi na miwili sijamwona. Mjukuu nimemwona kwenye simu tu, tena nusu uso. Limebaki jambo moja: kupimwa afya Ijumaa. Fomu inauliza kama nina ugonjwa sugu. Nina kisukari mwaka wa kumi na moja. Nimeandika: Hapana. Mwandiko safi kabisa. Nimekuwa mkimbizi miaka thelathini na moja, na kwa ukarani wangu nimewajazia fomu wenzangu wasiohesabika. Najua kila Ndiyo huzaa foleni mpya.

Jumanne, 4 Machi
Jirani wa chumba cha mkabala, fundi cherehani, naye ameitwa Ijumaa. Naye ana kisukari. Nimechungulia fomu yake: kaandika Ndiyo, kwa herufi kubwa. Nikamwambia amejichimbia kaburi. Akanijibu, pini mdomoni, kwamba karani mzima naogopa karatasi. Nimemhurumia.

Jumatano, 5 Machi
Daftari langu la kliniki ni ushahidi. Lina vipimo vya miaka yote hiyo, vizuri vyote. Muuguzi huniita mwanafunzi wake bora. Kulichoma nimeshindwa. Fundi amelishonea ndani ya bitana ya koti langu, huku akiuliza ni nani atakayenipekua. Nikamwambia aongeze mshono. Wenye mipango hawabahatishi. Nimeacha kula ili sukari ishuke. Vidonge naendelea.

Alhamisi, 6 Machi
Maji tu. Fundi kapika maharage mlango wazi, makusudi. Binti kapiga simu, anasema sauti yangu imekuwa nyembamba. Nimesingizia mtandao.

Ijumaa, 7 Machi
Maafa. Foleni ndefu, joto, koti zito. Nikaona ukuta unanijia. Nilipozinduka, fundi alikuwa ananinywesha soda, chupa ya pili, na kuniita mzee mpumbavu kwa upole sana. Kisha jina langu likaitwa. Mashine ya kupimia sukari ikaonyesha namba ambayo daktari hakuiamini. Akaleta mashine nyingine. Akauliza kama nina kisukari. Nikasema neno hilo nalisikia leo. Basi akaandika: ugonjwa mpya, haujatibiwa, safari isimame miezi sita achunguzwe kwanza.

Fundi kapita. Daktari alitazama tu daftari lake la kliniki, akasema mwenye kujitunza hazuiwi, akagonga muhuri.

Binti sijampigia. Mjukuu ameshaandaliwa kitanda kingine ili mimi nilale kwenye chake.

Jumatatu, 10 Machi
Fundi kanirudisha kwa daktari, kanishika mkono kama mtoto. Akamweleza kwamba huyu mzee ni mwongo lakini sukari yake ni ya kweli. Akatoa mkasi, akaichana bitana palepale. Daktari akasoma kila ukurasa. Akauliza kwa nini niliandika Hapana. Nikasema mazoea ya kazi. Akaifuta miezi sita, akagonga muhuri. Nilitokwa na machozi kidogo. Lilikuwa koti zuri.

Jumanne, 11 Machi
Nimetafakari. Kosa langu nimeliona: nilificha kitu kisicho na tatizo. Kisukari hawakijali. Lakini goti langu bovu hakuna aliyeliuliza, na uwanja wa ndege wataiona fimbo yangu ya kutembelea. Nimempelekea fundi aishonee ndani ya mguu wa suruali, urefu wake wote. Anauliza nitakaaje. Sitakaa. Safari yenyewe itachukua saa kumi na moja tu.