Ndiyo Kumi na Moja za Pi-hsia

Jumatatu, 22 Aprili. Asubuhi ya mawingu, upepo wa chumvi kutoka mabwawa ya chaza. Nguo hazikauki.

Jumamosi ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Bibi Mazu, mungu wetu wa bahari, na siku ya kumpata Mkuu wa Chetezo kwa kurusha vibao vya kumuuliza Bibi: mwenye ndiyo nyingi mfululizo ndiye. Atakayepatikana anakaa na sanamu ndogo ya Bibi nyumbani kwake mwaka mzima, na mtaa wote unapita kwake na udi. Tangu watoto wahamie Taipei, mlango wangu unabishwa na msoma mita tu. Mwaka huu ni mimi. Nimeamua.

Kikwazo ni Pi-hsia, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mwaka jana alipata ndiyo nne mfululizo, akapitwa kwa moja tu. Mimi sikupata hata moja. Leo kaniuliza, "Dada Yueh-o, mwaka huu utarusha vibao au utapumzisha mkono?" Nimecheka. Moyoni sikucheka.

Jumanne, 23 Aprili. Rasharasha.

Nimeazima vibao viwili vya hekalu. Yaani vimo mkobani mwangu na Mzee Hung, mtunza hekalu, hajui. Mkono lazima uzoee mbao zenyewe! Kimoja chali na kimoja kifudifudi: Bibi amekubali. Vyote kifudifudi: amekataa. Vyote chali: anakucheka.

Nimerusha jikoni mara ishirini. Nimechekwa mara tisa. Mume wangu kauliza kutoka sebuleni kama naua mende.

Jumatano, 24 Aprili. Jua kali. Wazo!

Hakuna kurusha vibao bila kumuuliza Bibi jambo. Nikiuliza kwa jina langu jikoni, ndiyo zangu zitaisha kabla ya Jumamosi. Basi niulize kwa jina la Pi-hsia. Mimi nipate mazoezi, na ndiyo zake ziishie kwenye sakafu yangu.

Nimewasha udi. Nimetaja jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa (nani asiyeijua, hututangazia kila mwaka) na namba ya nyumba yake, yote kwa utaratibu. Bibi, je, Pi-hsia awe Mkuu wa Chetezo? Ndiyo. Tena? Ndiyo. Kumi na moja mfululizo! Ya kumi na mbili ikakataa. Maskini Pi-hsia, hana kilichobaki. Karibu nimwonee huruma.

Alhamisi, 25 Aprili. Joto.

Mzee Hung katangaza kwamba vibao vimepotea. Pi-hsia kasema aliyevichukua mkono utamvimba. Nimejitolea kuongoza msako. Tumepekua hadi chini ya meza ya sadaka. Mkono wangu haujavimba. Nimeuangalia mara nne.

Ijumaa, 26 Aprili. Mawingu tena.

Nimenunua meza nyekundu ya kuwekea sanamu. Nimeiweka palipokuwa na televisheni. Mume wangu kauliza mechi ya besiboli ataiangalia wapi. Nimemwambia dirishani kwa Pi-hsia, kwake nafasi itakuwa tele.

Jumamosi, 27 Aprili. Jua zuri, fataki tangu alfajiri.

Nimevirudisha vibao kikapuni bila kuonekana. Jina langu likasomwa. Nikapiga magoti, nikarusha kwa mkono uliozoea. Vyote chali! Bibi kanicheka mbele ya mtaa mzima, na mtaa ukamsaidia. Nimetoka na sifuri.

Akaja Pi-hsia. Vibao vile vile. Ndiyo. Ndiyo. Kufikia ya sita watu walikuwa wanahesabu kwa sauti. Saba! Nane! Mimi nilikuwa nimeshaanza kutokwa jasho. Kumi! Kumi na moja! Ya kumi na mbili ikakataa.

Mzee Hung kasema katika miaka arobaini hajaona jambo hilo, ni kama Bibi alikuwa ameshaamua mapema. Chungwa la sadaka limenidondoka.

Jumapili, 28 Aprili. Asubuhi angavu, hakuna upepo.

Maandamano yamemleta Bibi kwa Pi-hsia. Yamepita mlangoni kwangu bila hata kupunguza mwendo. Baadaye Pi-hsia kaja na keki nyekundu za umbo la kobe. Hana meza ya sanamu, kasikia mimi ninayo mpya, isiyo na kazi. Meza imehama. Mume wangu ameirudisha televisheni kabla sijafunga mlango.

Mlango umebishwa mara thelathini na mbili leo. Wote walikuwa wanauliza kama hapa ndipo kwa Pi-hsia.

Jioni Mzee Hung kanivuta pembeni. Kasema vibao vya kikapuni vinanuka kitunguu saumu cha kukaanga. Kasema pia, "Bibi akishakujibu, usimuulize tena lile lile. Wewe umemuuliza mara ngapi, Dada?" Sikumtajia idadi. Kaniagiza nikaombe radhi.

Nimekwenda hekaluni. Nimepiga magoti, nimekiri yote, kisha nimeuliza: Bibi, je, nimejifunza? Vyote chali. Labda sikutamka vizuri. Nimeuliza tena: kacheka tena. Mara ya tatu kakataa. Nimebadilisha magoti, nimebadilisha mkono. Mara ya saba: ndiyo! Basi, yamekwisha, Bibi mwenyewe ni shahidi.

Vibao vimo mkobani mwangu tena. Mwakani bado ni mbali, lakini mkono usiachwe upoe. Nalala. Saa tatu na dakika ishirini usiku.